Hongera ya Kijani

Kuna nchi ambayo jina lake sitalitaja. Simwogopi mtu. Ni kwamba kibali cha kutumia jina hilo kilikwisha muda wake, ombi la kukihuisha bado linashughulikiwa, na mimi ni mtumishi wa umma, siwezi kutumia kitu kisicho na kibali. Mtaniwia radhi. Tuiite tu Jamhuri.

Katika Jamhuri hiyo mimi nilikuwa Msemaji wa Mamlaka ya Vibali. Kazi yangu ilikuwa kusema. Nataka hilo lieleweke mapema, maana huko mbele najua mtaanza kuninyooshea vidole. Sikuunda programu yoyote. Sikuendesha tingatinga. Hata mkate ule niliula kwa adabu tu, kwa sababu mtu mzima akikuletea mkate ukaukataa, umemtukana.

Kwetu kila jambo lilikuwa na kibali chake. Kufungua duka, kibali. Kulifunga, kibali. Kuhamisha jiko kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule, kibali na picha mbili za jiko. Watu walipanga foleni kwenye baraza la Mamlaka tangu alfajiri, na foleni zilikuwa ndefu kiasi kwamba wengine walichumbiana humo humo, wakalazimika kutoka kwenye foleni yao kwenda kupanga foleni ya kibali cha ndoa. Tulijivunia sana foleni zile. Wageni kutoka nje walikuja kuzipiga picha.

Ndipo ikaja Karakana.

*

Karakana ya Mtandaoni haikuwa na randa wala misumari. Ilikuwa mahali pa kutengenezea programu za kazi, na mahali penyewe palikuwa ndani ya kivinjari, yaani dirisha lilelile la kompyuta ambalo watumishi tulikuwa tukichungulia matokeo ya mpira. Hupakui kitu, hufungi mtambo. Unafungua ukurasa, unakokota kisanduku cha jina unakiweka hapa, cha simu unakiweka pale, chini unaweka kitufe cha "Tuma", na programu imezaliwa. Hata mhasibu wetu mkuu, ambaye alikuwa akiizima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani, alitengeneza programu ya kuomba chai.

Fundi wetu alikuwa Mwatima binti Shehe, msichana mwenye ulimi mkali na majigambo ya haki, kwa sababu kila alichojisifia alikiweza. Siku ya mafunzo alisimama mbele ya wakubwa wote, mkono kiunoni.

"Wakubwa zangu, mkitaka kuifaidi Karakana, nisikilizeni vizuri," alisema. "Ina upande wa majaribio na upande wa kweli. Ukitengeneza kitu, kivuruge kwanza kule kwenye majaribio mpaka uchoke, ndipo ukipeleke kwa wananchi. Halafu ukitengeneza kipande kimoja kizuri, usikitengeneze tena. Kihifadhi, na kila wizara itakichukua hichohicho. Ukikibadilisha kwako, kimebadilika kwa wote. Na mkikosea msitoke jasho, Karakana inakumbuka kila toleo. Unabonyeza, unarudi ulikotoka."

Mkurugenzi Mkuu, Daktari Profesa Mhandisi Lihoja, alinyanyua mkono. Mtu huyu alikuwa hasikilizi jambo mpaka mwisho, kwa kuwa mwisho wa mambo kwa kawaida ulikuwa ni yeye.

"Umesema kuna upande wa majaribio?"

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Wa nini?"

"Wa kujaribia, Mkurugenzi."

Lihoja akageuka akatutazama sote kwa huzuni. "Ndugu zangu, Serikali hii haijaribu. Serikali hii inatenda!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Jioni hiyo upande wa majaribio ulifungwa rasmi, na kwa kuwa ni kufunga na si kufungua, utepe haukukatwa, ulifungwa fundo. Mimi niliandika taarifa kwa vyombo vya habari. Mwatima alikaa nyuma kabisa, akimumunya kalamu yake, na alinitazama kama anayesubiri niseme neno. Sikusema kwa sababu taarifa ilikuwa imeshapelekwa.

*

Programu kubwa iliitwa Kibali Papo Hapo. Mwananchi angekaa kwake, angeandika jina, biashara na namba ya kiwanja, angebonyeza, na kibali kingetoka. Mgeni rasmi wa uzinduzi alikuwa Waziri mwenyewe. Uwanja ulipambwa, ngoma zikatengwa, sare zikashonwa. Asubuhi ile, wakati wapishi wanamenya vitunguu nyuma ya jukwaa, Mkurugenzi akataka kuona kitufe atakachobonyeza Mheshimiwa.

Akajaza. Akabonyeza. Kioo kikaandika kwa wekundu: Ombi limeshindikana. Namba ya kiwanja haipo.

"Ni nini hicho chekundu?" Lihoja aliuliza kwa sauti ndogo ya mtu aliyeona nyoka chumbani.

"Ni ujumbe wa kosa, Mkurugenzi," akasema Mwatima.

"Kosa la nani?"

"Si la mtu. Programu inakwambia kwamba..."

"Inaniambia *mimi*?"

Mwatima akaeleza. Nusu ya mji haijawahi kupimwa viwanja. Watu hao hawana namba ya kujaza, na kila atakayejaribu atakataliwa. Dawa yake ni ndogo, kile kisanduku cha namba kifanywe cha hiari, alama moja tu inaondolewa.

"Kisanduku hicho kimeamriwa na Wizara ya Ardhi," alisema Lihoja. "Kukigusa ni mpaka kamati ikae. Rangi je? Rangi ni ya kwetu?"

"Rangi ni ya kwetu."

"Na maneno?"

"Na maneno ni ya kwetu."

"Basi tatizo limekwisha. Weka kijani. Msemaji, tupe neno."

Mimi niliulizwa neno, nikatoa neno. Neno lenyewe ni zuri, lina adabu, liko kwenye kila kamusi. Nilisema, "Hongera."

Mwatima alilichapa palepale kwenye kivinjari chake. Mkurugenzi hakuwa amemaliza hata kikombe cha kahawa, na wekundu ulikuwa umekwisha katika Jamhuri. Sasa kioo kiliandika: Hongera! Ombi lako limefanikiwa.

"Lakini ni kwa leo tu, jamani," Mwatima alisema, akitutazama mmoja mmoja. "Mgeni akiondoka narudisha. Tumekubaliana?"

Tulitikisa vichwa. Mimi ndiye niliyeanza.

*

Waziri alibonyeza mbele ya umati. Mahali pa jina alikuwa ameandika cheo chake, mahali pa biashara akaandika jina la chama, na namba ya kiwanja akaiacha wazi kabisa. Kioo kikubwa kikawaka kijani: Hongera!

Ngoma zikalia. Mheshimiwa hakucheza. Alitoa leso, akafuta macho.

"Ndugu wananchi," alisema, sauti ikikatika, "nimeitumikia Serikali tangu nina nywele. Nimeisifu asubuhi, nimeisifu jioni. Leo ndiyo mara ya kwanza Serikali kunipongeza mimi. Naagiza neno hili lisiguswe!"

Basi halikuguswa. Tungefanyaje? Ni agizo.

Kilichofuata ni mafanikio matupu. Malalamiko yaliisha, na foleni kwenye baraza zikayeyuka, wauza kahawa wa pale wakahama. Wizara nyingine zikaona wivu. Mwatima alikuwa amekihifadhi kile kipande cha ujumbe kama fundi mzuri anavyotakiwa, na kila wizara ikakikokota ikakitia kwenye programu zake. Kuanzia hapo, kila aliyekataliwa jambo lolote katika Jamhuri alipongezwa.

Mwanafunzi aliyetafuta matokeo yake yasionekane aliandikiwa hongera, kwa hiyo mwaka ule walifaulu hata watoto ambao hawakufanya mtihani. Wagonjwa walioomba kitanda katika hospitali iliyojaa walipata hongera, wakaenda na mashuka yao mpaka getini, na mlinzi akawapongeza tena kwa mdomo. Timu ya taifa iliomba kusajiliwa kwenye mashindano baada ya muda wa kusajili kupita. Hongera! Wakapanda ndege, wakafika, wakakuta hakuna mtu anayewafahamu, wakarudi hawajafungwa hata bao moja. Tuliwapokea uwanjani kwa vigelegele.

Mamlaka ikapewa tuzo. Mkurugenzi akaongeza cheo cha nne mbele ya jina lake. Kila mtu alifurahi isipokuwa Mwatima, na watu wa namna hiyo hawakosekani.

"Msemaji, mimi nawaona," aliniambia siku moja kantini, chapati yake imepoa sahanini.

"Unawaona kina nani?"

"Watu. Mimi ndiye ninayekaa nyuma ya ile programu. Wanaingia, wanakataliwa, wanapongezwa, wanaondoka."

"Wakirudi si utawasaidia?"

"Warudi kufanya nini, kaka yangu? Si wameambiwa wamefanikiwa?" Akaisukuma sahani. "Usiku silali. Nikimwona mtu yeyote njiani anacheka na simu yake, naona mimi ndiye niliyemwibia. Nenda kwa Mkurugenzi. Wewe anakusikiliza."

"Mwatima, mimi ni msemaji. Kusikiliza si idara yangu."

Hakucheka. Niliahidi nitakwenda baada ya sherehe ya tuzo. Baada ya tuzo ikaja bajeti, na mtu mwenye akili hamwendei mkubwa na habari mbaya wakati wa bajeti. Baada ya bajeti Mkurugenzi alisafiri, akarudi na mafua. Nilikuwa na nia njema muda wote huo, hilo Mungu analijua.

*

Mama Sikudhani alikuja ofisini na kapu kichwani. Alikuwa mjane wa mtaa wa Mivinjeni, mwokaji mikate, na mtaa mzima ulistaftahi kwake. Tanuri lake lilijengwa na marehemu mumewe kwa matofali, nalo lilikuwa limewasomesha watoto wake wote. Macho yake yalikuwa yameanza kupungua kwa sababu ya moto na moshi, akawa anatuangalia kwa kutukazia uso, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa mbali.

"Nimekuja kushukuru, wanangu," alisema, akitua kapu mezani. "Miaka nenda rudi nakimbizana na kibali cha tanuri, leo njoo, kesho njoo. Mjukuu wangu akanijazia kwenye simu, papo hapo nikaambiwa hongera! Nikasema hapana, hawa watu wa ofisi hii lazima waonje mkono wangu."

Mikate ilikuwa bado ya moto, imepakwa siagi juu, ina harufu ya iliki. Ofisi nzima iliinuka. Nilikata kipande kikubwa, nikala, nikamwambia ahsante mama, Mungu akuzidishie. Mwatima alishika chake mkononi bila kukipeleka mdomoni.

"Mbona huli, binti yangu? Una mimba?"

"Nafunga, mama."

"Basi utafuturu nao." Mama Sikudhani akampapasa shavu, akaondoka zake.

Mlango ulipofungwa tu, Mwatima akaketi kwenye kompyuta, akafungua Karakana, akatafuta. Mivinjeni haijapimwa. Ombi la Mama Sikudhani lilikuwa limekataliwa siku ileile alipolituma. Hakuwa na kibali, na hapakuwa na njia ya yeye kujua kwamba hana.

Haya, sasa oneni mkosi. Wiki hiyohiyo Halmashauri ilikuwa imetangaza operesheni ya kubomoa matanuri na majiko yote yasiyo na kibali, na Mivinjeni ndiyo ilikuwa ya kwanza.

Mwatima akainuka na mkate wake mkononi, akaenda moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Mimi nilimfuata, lakini kwa nyuma kidogo.

"Mkurugenzi, naomba nirudishe ujumbe wa kweli. Leo hii. Watu watabomolewa na wanadhani wana vibali."

Lihoja alimtazama kwa upole kabisa. "Binti, wananchi wameshashangilia. Unataka niwaite niwaambie walikuwa wanashangilia nini?"

"Basi tumwambie huyu mmoja. Mama wa watu ahangaike mapema."

"Ukimwambia mmoja umewaambia wote. Au unasemaje, Msemaji?"

Nilikuwa na chembe ya mkate kwenye jino, nikawa nashughulika nayo kwa ulimi. Nilipomaliza, Mkurugenzi alikuwa ameshaendelea na mambo mengine.

*

Siku ya operesheni niliitwa kwa simu. Kulikuwa na mgogoro Mivinjeni, njoo na fundi, mje mtoe tafsiri ya kitaalamu.

Tulikuta mtaa umefurika. Tingatinga la njano lilikuwa limesimama likinguruma, pua yake hatua chache kutoka kwenye tanuri, na kati yao alisimama Mama Sikudhani, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, ameinua simu juu.

"Ninacho kibali!" alikuwa akipaza sauti. "Kisomeni! Serikali imenipongeza!"

Msimamizi wa bomoabomoa, Afande Ngokwe, hakuwa mtu mkatili. Alikuwa akitoka jasho la aibu. "Mama, na mimi ninacho," alisema, naye akainua simu yake. "Siwezi kubomoa bila kibali cha kubomoa. Nimeomba kwenye programu yetu, na nimepongezwa."

Zilikuwa simu mbili, zote za kijani. Watu walizitazama kwa zamu, wakaguna. Wazee wa mtaa walitoa miwani. Mmoja akasema kijani cha Afande kimekolea zaidi, mwingine akambishia, nusura washikane mashati.

"Wataalamu hao wamefika!" mtu akasema, na umati ukatupisha.

Mwatima akaweka kompyuta yake juu ya meza ya mikate, katikati ya unga, akaunganisha mtandao, akafungua Karakana. Hilo ndilo jema la kitu kilicho ndani ya kivinjari, unatembea na ofisi yako popote. Alitafuta la Mama Sikudhani, akatafuta la Afande. Kisha akanivuta mkono, akaninong'oneza sikioni.

"La Afande nalo limekataliwa! Naye hakujaza kiwanja, atakitoa wapi na huku hakujapimwa? Hana kibali cha kubomoa, Msemaji! Sheria inasema bila kibali hagusi hata tofali. Waambie tu. Sema hongera zote mbili si kweli, tingatinga linaondoka, tanuri linabaki."

Simu yangu ikalia. Alikuwa Lihoja. "Nasikia kuna umati," alisema. "Linda heshima ya neno." Akakata.

Nikainua macho. Mama Sikudhani alikuwa amenikazia uso, ananitambua polepole.

"Si ni wewe, baba?" alisema, na uso wake wote ukafunguka. "Jamani, huyu ananijua! Huyu amekula mkate wangu. Mwacheni aseme, huyu hatasema uongo."

Dereva wa tingatinga alizima injini ili asikie. Nilijua kabisa cha kusema, kilikuwa kifupi, kilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikakohoa, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kazini.

"Ndugu wananchi wa Mivinjeni. Mamlaka imefanya uchunguzi wa kina hapa mezani, nanyi mmeshuhudia. Napenda kuwathibitishia kwamba pongezi zote mbili ni halali. Mama yetu amekubaliwa kuwa na tanuri. Afande wetu amekubaliwa kulibomoa. Hapa hakuna mgogoro wowote. Serikali yenu sikivu imewasikiliza wote wawili, na wote wawili imewapa walichoomba."

Kisha mtu mmoja akapiga makofi, kwa mazoea nadhani, na wengine wakafuata. Tingatinga likawashwa.

Mama Sikudhani hakupiga kelele. Walimshika mabega wakamsogeza pembeni, akaenda kama mtoto anayeongozwa. Tanuri lilianguka kwa pigo moja, na ndani yake mlikuwa na mikate ya asubuhi.

Nyuma yangu nikasikia Mwatima analia na kuchapa kwa wakati mmoja. Alikuwa ameingia kwenye matoleo ya zamani ya kile kipande. Akabonyeza, akarudisha ujumbe wa kwanza, na kwa kuwa hatukuwa na upande wa majaribio, ulifika kwa wananchi papo hapo.

Simu ya Afande ikalia mkononi. Akaitazama. Ilikuwa nyekundu. Akalitazama lile rundo la matofali, likitoa moshi, akairudia simu.

"Sasa?" alisema. Alikuwa ananiuliza mimi.

*

Mchana ule Jamhuri nzima iliona wekundu. Wanafunzi waligundua hawakufaulu, watu wakagundua hawakuoana, na timu ya taifa ikagundua ilikuwa wapi. Ilikuwa huzuni kubwa, lakini fupi. Karakana ni rahisi mno kutumia, Mkurugenzi mwenyewe alifungua kivinjari chake, akabonyeza, na kijani kikarudi kabla ya adhana ya magharibi, safari hii kwa herufi kubwa zaidi na picha ya maua. Mimi nilitoa taarifa kwamba wekundu ule ulikuwa ni mawio ya maendeleo.

Mwatima alifukuzwa kazi kwa kosa la kujaribu, jambo ambalo Serikali hii haifanyi. Mimi nilipandishwa cheo kwa kutatua mgogoro wa Mivinjeni bila kumwaga damu. Sasa ni Naibu Mkurugenzi, nina kiti kinachozunguka, na nina ufunguo wa Karakana. Naweza kugusa kisanduku chochote.

Ijumaa iliyopita nilikwenda Mivinjeni. Sikuitwa. Nilijiambia nakagua mazingira. Nilimkuta Mwatima uani, amefunga kanga kiunoni, anakwangua masizi kwenye matofali ya zamani na kuyapanga ukutani. Aliniona, hakuacha kazi.

"Karibu, Naibu. Tofali tunazo, udongo tunao," alisema. "Kilichobaki ni kibali cha kujenga."

Mama Sikudhani alikuwa amekaa kwenye kigoda. Siku hizi alikuwa anauza maandazi machache ya kukaanga, na mtaa ulikuwa umeanza kununua mkate wa dukani. Akanikazia uso.

"Ni baba wa ofisini huyo? Afadhali umekuja. Niombee wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Ukiomba wewe hawatakataa."

Alinipa simu. Nikaandika jina lake. Nikaandika: tanuri. Kwenye namba ya kiwanja nikasita.

"Acha wazi," Mwatima alisema, bila kugeuka. "Hakuna namba, unajua. Ufunguo wa Karakana unao wewe sasa. Fungua hapo hapo kwenye simu, kile kisanduku kina alama moja. Iondoe, halafu utume. Mimi nilikuwa sina ruhusa, wewe unayo."

"Kuna utaratibu, Mwatima. Kamati ya Wizara ya Ardhi..."

"Imeshakaa?"

"Imeomba kibali cha kukaa."

Akaacha kukwangua. Alinitazama tu, kisu mkononi, mikono myeusi kwa masizi. Nilisema moyoni kwamba nitaiondoa ile alama Jumatatu, kwa utulivu, nikiwa mezani kwangu, nikishapata ushauri. Nikabonyeza Tuma.

"Imesemaje, baba?" aliuliza Mama Sikudhani. Alikuwa ameinua uso, ananisubiri. "Mimi sioni vizuri. Nisomee."

Maua yalikuwa yakichezacheza kwenye kioo. Nilijaribu kuwaza jambo jingine la kusema. Mimi, ambaye nimeisemea Serikali mbele ya mabalozi, sikupata.

"Imesema hongera, mama."

Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata wangu, akaufunika kwa viganja vyake vyote viwili.

"Pole, mwanangu," alisema.